Siagi kwenye mfuniko wa bido

Kijana anayetuletea maziwa kutoka upande wa Mushaki alifika asubuhi moja na bido yake ya njano, dumu la plastiki, akafungua mfuniko, na upande wa ndani wa mfuniko pakaonekana kitu cha manjano kimegandamana, laini kama nta. Jirani yangu, aliyekuwa wa kwanza kupimiwa, akarudisha sufuria yake nyuma. "Umetia nini humu ndani?" Kijana akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakutia kitu. Maziwa yalikuwa ya jana jioni. Yalilala nje kwenye baridi ya milimani, alfajiri bido ikafungwa nyuma ya pikipiki, tena haikujaa kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa amegoma. Kutoka huko hadi Sake, na kutoka Sake hadi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, barabara ilifanya kazi yake.

Mimi nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua pakiti mbili za maziwa dukani, nikayamimina kwenye chupa ya plastiki, nikakaa barazani nikitikisa hadi mkono ukafa ganzi. Saa nzima. Nilipata povu, basi. Mama mzee wa nyumba ya pili, aliyekulia Masisi katikati ya ng'ombe, alikuwa amenitazama muda wote bila kusema neno. Mwishowe akasema, "Mwanangu, utachoka bure. Hayo maziwa ya pakiti, moto ulishaua siagi yake."

Hapo ndipo fumbo lilipo. Kijana wa pikipiki ambaye hakutaka siagi aliipata, na mimi niliyeitaka niliikosa. Maelezo ya mama mzee yalinitosha kwa siku mbili, kisha yakaanza kunisumbua, kwa sababu yeye mwenyewe huchemsha maziwa yake kabla ya kuyagandisha, na bado anatoa siagi. Kama moto ungekuwa muuaji, yake yangekufa kwanza.

Tuanze na maziwa yenyewe. Katika kila kilo ya maziwa ya ng'ombe, gramu 870 hivi ni maji. Zinazobaki ni sukari ya maziwa, protini, chumvichumvi na mafuta. Mafuta ni gramu 35 hadi 50, kutegemea ng'ombe. Sukari imeyeyuka ndani ya maji, hiyo haina shida. Mafuta hayayeyuki katika maji, sote tunajua, mtu akimimina mawese kwenye sufuria ya maji yataelea juu palepale. Sasa kwa nini maziwa hayatengani namna hiyo? Kwa nini ni meupe, mamoja, hayaonyeshi tone la mafuta hata ukiyatazama juani?

Kwa sababu mafuta yake yamefungwa. Yamo katika vitone vidogo mno, kwa wastani vikiwa na upana wa mikrometa 3 au 4. Unywele wa mtu una upana mara 20 ya hapo. Kijiko kimoja cha chai kina mabilioni ya vitone hivyo, na kila kimoja kina ngozi yake. Ngozi hii hutoka kwenye chembe hai za kiwele: kitone cha mafuta kinapotoka ndani ya chembe, kinaondoka kimejizungushia kipande cha utando wake, kama mtu anayetoka nyumbani akiwa amejifunika shuka. Upande mmoja wa ngozi hupatana na mafuta, upande mwingine hupatana na maji. Ndiyo maana vitone viwili vikigongana ndani ya maziwa mabichi haviungani. Vinagusana, vinaachana. Na weupe wa maziwa ni mwanga unaogonga vitone hivi pamoja na chembe za protini ukatawanyika kila upande.

Kwa hiyo ndani ya maziwa hakuna siagi inayosubiri kutolewa. Kuna mafuta yaliyovishwa nguo, na kazi yote ya siagi ni kuyavua.

Kabla ya kuvuliwa, hupanda. Lita ya mafuta haya ina uzito wa gramu 920 hivi, lita ya maziwa yasiyo na mafuta gramu 1,035 au pungufu kidogo, kwa hiyo vitone huelea. Kasi yake hutegemea ukubwa: kitone chenye upana maradufu hupanda kwa kasi mara nne. Peke yao vingepanda polepole sana. Lakini maziwa mabichi ya ng'ombe yakiwekwa kwenye baridi, kuna protini za kinga ndani yake zinazovinatisha vitone kwa makundi, na kundi hupanda kama kitone kimoja kikubwa. Asubuhi unakuta malai yamejaa juu, mazito, ya kuengua kwa kijiko. Maziwa ya mbuzi hayana uwezo huo wa kukusanya vitone vyake. Aliyewahi kusubiri malai ya mbuzi anajua kwamba unaweza kusubiri hadi yachache. Na hapa mchanganyiko mmoja uondolewe: ule utando unaokunjamana juu ya maziwa yaliyochemshwa siyo malai. Ni protini iliyokazwa na moto, imenasa mafuta kidogo njiani. Ni mtamu kwenye chai, lakini usijaribu kuusuka, yaani kuutikisa utoe siagi.

Nirudi kwenye pakiti zangu. Maziwa mengi ya dukani, kabla ya kufungwa, husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba sana. Mashine hiyo ni ya Mfaransa Auguste Gaulin, aliyepata hataza yake mwaka 1899 na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900. Vitone vikipita hapo hupasuliwa vikawa na upana chini ya mikrometa 1. Ukipasua kitu kimoja kuwa vingi, eneo la nje huongezeka, na ngozi ya zamani haitoshi tena kuvifunika vyote. Protini za maziwa, hasa kaseini, hukimbilia kujaza pengo. Matokeo yake ni vitone vidogo mno vyenye koti jipya, zito, gumu kuchanika. Havipandi juu, na ukivitikisa havishikani. Mwenye kiwanda anafurahi, kwa sababu mnunuzi hakuti malai yameganda shingoni mwa pakiti. Lakini anayetaka siagi amefungiwa mlango.

Mama mzee alikuwa sahihi kuhusu matokeo, akakosea kuhusu sababu. Moto haukuua kitu. Maziwa yaliyochemshwa nyumbani, yakapoa vizuri, bado yana vitone vikubwa na bado yanatoa siagi. Nilipomweleza kuhusu lile tundu, aliguna tu. "Basi ni chuma ndicho kiliua." Sikuweza kubishana na hilo.

Sasa kutikisa. Wengi wetu tunadhani ni suala la nguvu: tikisa sana, siagi itoke. Nguvu inahitajika, lakini yenye amri ni baridi na joto. Mafuta ya maziwa ni mchanganyiko wa mamia ya aina za mafuta, kila aina na joto lake la kuyeyuka. Ndani ya ng'ombe, kwenye nyuzijoto 38 na zaidi, yote ni kimiminika. Yakipoa, sehemu moja huganda na nyingine hubaki majimaji, na hali hiyo ya nusu kwa nusu ndiyo siri ya siagi.

Tazama ukuta wowote wa mjini hapa, wa mawe ya volkano. Mawe matupu ukiyapanga hayashikani. Mchokozi mmoja akiegemea, chini. Saruji tupu nayo inamwagika. Ukuta husimama kwa mawe na saruji pamoja. Kitone cha mafuta kilichopoa kwa kiasi kina mawe yake, yaani fuwele za mafuta yaliyoganda, na saruji yake, yaani mafuta ambayo bado ni majimaji. Ukikitikisa, ncha za fuwele hutoboa ngozi kutoka ndani, mafuta majimaji yanavuja, yanakigandisha kitone hiki kwa jirani yake. Kundi linakua. Yakiwa na joto kupita kiasi hakuna mawe: vitone huungana kuwa matone makubwa ya mafuta tu, kisha mtikiso huohuo huyavunja tena. Yakiwa na baridi kupita kiasi hakuna saruji: vinagongana kama kokoto. Malai yasiyochacha husukwa vizuri kwenye nyuzijoto 10 hadi 14 hivi. Maziwa yaliyoganda na kuchacha, yale tunayoyaita mashanza, husukwa yenyewe mazima bila kuenguliwa, na hayo huvumilia joto la juu kidogo, nyuzijoto 15 hadi 18, kwa sababu uchachu umekwisha kudhoofisha ngozi za vitone. Hapo ndipo hali ya hewa ya Kivu inapoingia. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi iko juu zaidi. Asubuhi yenyewe ndiyo friji. Mtu wa pwani angehitaji barafu.

Kisha kuna hewa. Bido iliyojaa hadi mdomoni ingefika Goma bila chenga hata moja, kwa sababu maziwa hayana mahali pa kurukia. Yakiwa nusu, yanajipiga, yanameza mapovu. Kitone kikigusana na povu la hewa, ngozi yake inachanika na mafuta yanatandaa juu ya povu. Povu linapasuka, vitone vilivyokuwa vimelizunguka vinaangukiana. Mara elfu na elfu. Kwa hiyo kila kitu kilichompata yule kijana kilikuwa kamili bila yeye kujua: maziwa mabichi, yaliyolala kwenye baridi, bido isiyojaa, na barabara ambayo hakuna mwenye kuisifu. Jirani yangu alikataa maziwa yale. Ukweli ni kwamba kilichokuwa kwenye mfuniko kilikuwa ndicho chenye thamani kuliko vyote, na alichopaswa kulalamikia, kama alitaka kulalamika, ni kwamba maziwa yaliyobaki ndani yalikuwa yamepungua mafuta kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilinunua lita tatu kwake. Niliyachemsha, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya brusela, na siagi iliyotokana na maziwa hayo hubeba vilevile. Yalipopoa nikatia vijiko viwili vya mashanza ya mama mzee, nikafunika, nikayaacha siku mbili. Yaliganda, yakanukia. Asubuhi ya tatu kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Nikamimina kwenye bido safi ya lita tano, mama mzee akaniwekea kitambaa kwenye mapaja, akanionyesha jinsi ya kuilaza na kuisukuma mbele na nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kwao walitumia kibuyu kikubwa, kwa Kinyarwanda wanakiita igisabo, na kusuka ni gucunda. "Usikimbize," akasema. "Sikiliza tu."

Dakika kumi za kwanza sauti ilikuwa nzito, fwa, fwa, kama uji. Ilipofika dakika ya ishirini bido ikawa kama imejaa: mapovu yalikuwa yamevimba na hapakuwa na sauti kabisa. Hapo ndipo mtu hukata tamaa, na hapo ndipo hapaswi. Baada ya nusu saa na ushei, kwa ghafla, ukimya ukavunjika. Chubwi. Kitu kama maji kilikuwa kinagonga ukuta wa bido, na ndani yake kitu kingine, kigumu kidogo, kikidunda. Nikafungua. Chenga za manjano, ukubwa wa mtama, zilikuwa zinaelea juu ya maji meupe mepesi.

Katika sekunde zile chache maziwa yalikuwa yamegeuzwa ndani nje. Mwanzo, mafuta yalikuwa matone ndani ya maji. Sasa maji ndiyo yamekuwa matone ndani ya mafuta. Sijui mageuzi mengine jikoni yanayotokea kwa haraka namna hiyo bila moto.

Maji yale meupe ndiyo mtindi wenyewe, kwa maana ya zamani ya neno hilo: maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi. Siku hizi mtindi ni jina la maziwa yoyote yaliyoganda, na kwenye maduka ni jina la chochote kilicho katika kikombe cha plastiki. Tuliyanywa palepale. Mafuta yake ni kidogo lakini si sufuri, na zile ngozi zilizovuliwa humo ndimo zilimoangukia.

Nilipata kipande kama ngumi ya mtoto. Nilitegemea zaidi, nikaona nipige hesabu. Lita tatu zenye mafuta ya asilimia 4 zina gramu 120 za mafuta na ushei. Siagi si mafuta matupu. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, vile vya Codex, ni lazima iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80, na maji yasiyozidi 16. Kwa hiyo hata nisingepoteza chembe, nisingepita gramu 155, na kwa njia ya kienyeji sehemu nzuri hubaki kwenye mtindi. Ndiyo maana kilo moja ya siagi hula lita 20 za maziwa na zaidi, na ndiyo maana bei yake inatutisha. Maziwa yenyewe nayo hupanda bei kila vita vinapoifunga njia ya Masisi, na vita hivyohivyo vimekwisha kumaliza makundi mengi ya ng'ombe.

Ng'ombe nao hawalingani. Yule mweupe na mweusi wa Ulaya, Frizia, hutoa maziwa mengi yenye mafuta ya asilimia 4 au pungufu. Jersey hutoa machache yenye 5 hivi. Ankole wa pembe ndefu hutoa kidogo sana, lakini mazito. Hata ng'ombe mmoja hatoi maziwa mamoja. Yanayotoka kwanza ni mepesi, asilimia 1 au 2 za mafuta. Ya mwisho kabisa, yale ya kukamua hadi kiwele kulegea, hupita 5 kwa urahisi. Mkamuaji anayewahi kumwachia ndama amalizie, amempa ndama siagi yake. Simlaumu, ndama naye ni wa kwake.

Mafuta haya pia ndiyo chanzo cha hila moja ya zamani. Wanunuzi wengi hupima maziwa kwa laktometa, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa mazima huwa na uzito wa gramu 1,030 hivi kwa lita. Ukitia maji, uzito unashuka, kijiti kinazama zaidi, umekamatwa. Lakini ukiengua malai kwanza, uzito unapanda, kwa kuwa umeondoa kilicho chepesi. Sasa tia maji kwa kiasi. Uzito unarudi palepale pa 1,030. Umeiba mara mbili, na kijiti kinakuombea dua. Kwa sababu hiyo Mmarekani Stephen Babcock alitoa mwaka 1890 kipimo kinachoyatafuta mafuta yenyewe: maziwa yanachanganywa na asidi kali ya salfa, asidi inaunguza protini pamoja na ngozi za vitone, chupa inazungushwa kwa kasi, na mafuta yaliyo uchi yanapanda kwenye shingo nyembamba yenye alama. Unasoma asilimia kwa macho. Mswisi Niklaus Gerber alibuni kipimo cha namna hiyo miaka hiyohiyo. Huko nyuma, mwaka 1878, Msweden Gustaf de Laval alikuwa ametengeneza mashine ya kuzungusha inayotenga malai kwa dakika chache badala ya usiku mzima, na hapo siagi ikatoka nyumbani ikaingia kiwandani.

Na ile iliyo kwenye mkate wa asubuhi barazani? Mara nyingi si siagi, ni majarini. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès aliibuni mwaka 1869, Napoleon wa Tatu alipotaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi, na ya kwanza ilitokana na mafuta ya ng'ombe wa kuchinjwa. Ya leo mara nyingi ni ya mimea. Imejengwa vilevile, matone ya maji ndani ya mafuta, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na anayeniambia ni siagi akaniuzia kwa bei ya siagi.

Mama mzee hakuniachia siagi yangu ilivyo. Aliimwagia maji baridi, akaikanda kwa kijiko cha mti, akamwaga maji yaliyogeuka meupe, akarudia mara tatu hadi yakatoka safi. Mtindi ukibaki ndani ni chakula cha vijidudu. Kukanda, kwa upande wake, huyasambaza maji yaliyobaki kuwa matone madogo mno kiasi kwamba kijidudu kilichofungiwa ndani ya tone hakina pa kupanukia. Siagi isiyokandwa vizuri hulia machozi, kisha hunuka. Harufu ile ina jina: asidi ya butiriki, aliyoitambua Mfaransa Chevreul ndani ya siagi mwanzoni mwa karne ya 19. Ikiwa imefungwa ndani ya mafuta haina harufu hata kidogo; mafuta yakivunjika inatoka, na friji isiyo na umeme wa uhakika haisaidii.

Kwa sababu ya umeme huohuo tuliamua kuigeuza samli. Alitia siagi kwenye sufuria ndogo juu ya makaa, moto mdogo. Iliyeyuka, ikatoa povu jeupe, ikaanza kulia, kachakachakacha. Kinacholia ni maji, yanatoka. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa ajili ya mwinuko, na maadamu yamo, mafuta hayawezi kupanda joto sana. Mama mzee hakuangalia sufuria. Alikuwa anachambua lengalenga, mgongo ameupa jiko, akinieleza kuhusu ng'ombe mmoja wa baba yake aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine. Katikati ya hadithi alinyamaza, akainua mkono. Mlio ulikuwa umekoma.

"Epua," akasema.